Rolex Haiuzi Saa

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina wivu. Rolex inaahidi kwamba saa yake haitapotea kwa zaidi ya sekunde 2 kwa siku. Casio F-91W, ile saa ya plastiki iliyotoka 1989 na ambayo kila mtu darasani alikuwa nayo ama aliitamani, inaahidi kutopotea kwa zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Gawa 30 kwa siku 30. Sekunde 1 kwa siku. Kwa kazi ya kujua saa ni saa ngapi, plastiki inaishinda dhahabu.

Kwa hivyo mtu akikuambia ametoa zaidi ya milioni moja kununua saa kwa sababu "anathamini wakati", mcheke polepole. Wakati angeupata pale Luthuli kwa bei ya chakula cha mchana. Alichonunua ni kitu kingine, na nataka tukiite kwa jina lake.

Nimejuaje haya mambo? Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nikaanza kuandika kwa kulipwa. Kwa karibu miaka mitatu tovuti moja ya ng'ambo ilinilipa nusu shilingi kwa neno niandike historia za saa za kifahari. Makala ya maneno 1,000 ilikuwa shilingi 500. Jina langu halikuwekwa, na pesa zilikuja baada ya siku arobaini, siku zile zilipokumbuka kuja. Sheria yao kubwa ilikuwa moja: usiandike "bei", andika "thamani". Submariner ya chuma, ile ya chini kabisa, dukani ilikuwa kama dola 9,000, yaani milioni 1.1 na ushee za kwetu. Nikapiga hesabu usiku mmoja stima ikiwa imepotea: ningehitaji kuandika makala zaidi ya 2,300 kupata moja. Moja kila siku, bila kula, bila nauli, bila kulipa nyumba, miaka sita na zaidi.

Sasa hii naiandika kwa jina langu, na nitasema bei.

Hans Wilsdorf alizaliwa Kulmbach, Bavaria, mwaka wa 1881. Alibaki yatima akiwa bado mtoto, wajomba wakauza biashara ya familia wakampeleka shule ya bweni. Alipokua akaenda Uswisi, na mwaka wa 1900 akawa karani wa kampuni ya kuuza saa kule La Chaux-de-Fonds, ambako mojawapo ya kazi zake ilikuwa kutia ufunguo mamia ya saa za mfukoni kila siku. Mwaka wa 1903 alihamia London. Mwaka wa 1905, pamoja na shemeji yake Alfred Davis, akafungua Wilsdorf & Davis. Walikuwa wananunua mitambo ya saa Uswisi, wanaitia kwenye makasha mazuri, wanawauzia masonara.

Hakuwa fundi. Alikuwa broka, na simtukani. Broka mzuri huona kitu sokoni kabla ya wenye soko. Wakati huo mwanaume mwenye heshima alibeba saa mfukoni kwa mnyororo. Saa ya mkono ilionekana pambo la wanawake, kitu cha bangili. Wilsdorf aliweka dau kwamba mkono utashinda mfuko. Vita vya 1914 vilimthibitishia, maana askari aliye ndani ya handaki hana nafasi ya kupekua mfuko wa koti.

Mwaka wa 1908 akasajili jina Rolex. Alisimulia kwamba alijaribu kuchanganya herufi kwa mamia ya namna, hadi siku moja, akiwa juu ya basi la farasi pale Cheapside, London, jini fulani likamnong'oneza sikioni. Jini lilijua biashara. Herufi tano, zinaenea vizuri usoni mwa saa, Mfaransa anaweza kutamka, Mjerumani anaweza, sisi pia tunaweza. Na halina maana yoyote. Hiyo ndiyo nguvu yake: ni debe tupu, na debe tupu unajaza unachotaka. Wilsdorf alilijaza hadhi. Ndugu zetu wa Uganda walilijaza mayai, kabeji na nyanya, wakakunja ndani ya chapati, na mpaka leo ukisema rolex Kampala hakuna anayekuangalia mkononi. Kati ya hizo mbili, najua ni ipi imewahi kunishibisha.

Tuwe wakweli lakini: mwanzoni ndani ya debe mlikuwa na kitu. Mwaka wa 1910 saa yake ilipata cheti cha kronomita kule Bienne, cha kwanza duniani kupewa saa ya mkono. Mwaka wa 1914 kituo cha Kew, Uingereza, kiliipima nyingine kwa siku 45 kikaipa cheti cha daraja la A, daraja la saa za mabaharia. Huo ni ushahidi, si stori za jaba. Kisha ushuru wa wakati wa vita ukamuuma kule London, naye akahamishia makao Geneva. Ndiyo, mswada wa fedha ulimfukuza. Angekuwa wetu tungemwelewa.

Mwaka wa 1926 ikaja Oyster, saa isiyoingia maji kwa sababu kasha na kifundo chake hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Hapa ndipo tovuti yangu ilikuwa inapenda neno "alivumbua". Haikuwa hivyo. Hati miliki ya kile kifundo ilikuwa ya Wauswisi wawili, Perregaux na Perret; Wilsdorf aliinunua. Mwaka wa 1931 Rolex ikaleta saa inayojitia ufunguo mkono unapotembea, na uzito wake wa ndani ulizunguka duara zima, hatua nzuri kweli. Ila Mwingereza John Harwood alikuwa tayari ameshapata hati ya saa ya mkono inayojijaza katika miaka ya 1920. Na ile mitambo yenyewe? Kwa sehemu kubwa ya karne ilitoka kwa kampuni ya akina Aegler kule Bienne, ambayo Rolex ya Geneva haikuimiliki mpaka 2004.

Basi Wilsdorf mwenyewe alileta nini? Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye aligundua kwamba wahenga hawakuwa wamewahi kufungua duka. Alikuwa na chema, akakitembeza kuliko mwenye kibaya.

Chukua ile hadithi inayopendwa kuliko zote. Oktoba 7, 1927, Mercedes Gleitze, mpiga chapa wa London, aliogelea mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Mwanamke wa kwanza Mwingereza. Siku chache baadaye mwanamke mwingine akadai ameogelea kwa kasi zaidi, ikagunduliwa ni uongo, na ghafla watu wakaanza kumshuku hata Gleitze. Ikabidi arudie. Oktoba 21 aliingia tena majini, na safari hii alikuwa na Oyster ya Wilsdorf shingoni. Maji yalikuwa baridi ya kuua. Baada ya zaidi ya saa kumi akatolewa kabla ya kufika.

Saa ilikuwa bado inatembea. Novemba 24, 1927, Wilsdorf akanunua ukurasa wa mbele wa Daily Mail kutangaza ushindi. Ushindi wa nani? Mwanamke alikuwa ametolewa majini nusu mfu. Saa ndiyo iliyofika.

Ninarudia hadithi hii kwa sababu ya sehemu ambayo hakuna aliyewahi kunilipa niiandike. Gleitze alikuwa anaogelea kutafuta pesa za kuwasaidia watu wasio na makao, na mwaka wa 1933 nyumba zenye jina lake zilifunguliwa Leicester kwa ajili ya familia masikini. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanyia mwili wake wote ule. Nenda utafute "Gleitze" leo: kila mahali utamkuta amesimama kando ya saa, kama mtu aliyekuja kuibebea mkoba.

Miaka ya 1950 ndiyo miaka ya heshima ya kweli. Explorer na Submariner zilitoka 1953, ya kwanza kwa wapanda milima, ya pili kwa wapiga mbizi. GMT-Master ilifuata katikati ya miaka hiyo, ikitengenezwa kwa ajili ya marubani wa Pan Am waliotaka kuona saa za nchi mbili kwa wakati mmoja. Zilikuwa vifaa vya kazi. Submariner ilikuwa kama dola 150. Si rahisi, lakini mtu mwenye mshahara aliweza kuifikiria bila kuota.

Hata hapo matangazo yalikimbia mbele ya ukweli. Rolex ilifadhili msafara wa Everest wa 1953 na mpaka leo inautumia mlima ule. Lakini ukienda kwenye jumba la makumbusho la watengeneza saa London utaiona saa ya Edmund Hillary, na usoni imeandikwa Smiths, kampuni ya Uingereza. Kampuni mbili zilitangaza kilele kimoja. Tunayoikumbuka ni ile iliyotangaza kwa sauti zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Kisha, Desemba 25, 1969, Seiko wa Japani wakatoa Astron, saa ya mkono ya kwanza ya betri na fuwele ya kwatzi kuuzwa madukani. Ghafla usahihi, kitu ambacho Uswisi ilikuwa imeuza kwa mamia ya miaka, ukawa unazidi kuwa rahisi kila mwaka, mpaka ukafika bei ya mitumba. Uswisi ilikuwa na wafanyakazi wa saa kama 90,000 mwaka wa 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama theluthi moja. Miji mizima ilizima taa.

Hapa ndipo kesi yangu ilipo. Kampuni iliyoanza kwa kuwaambia watu "tupimeni" sasa ilikuwa imeshindwa kwenye kipimo chake yenyewe. Ilijaribu betri kidogo, ikatoa Oysterquartz mwaka wa 1977, lakini haikuweka moyo wake hapo. Ilichofanya ni kubadilisha swali. Badala ya "saa hii ni sahihi kiasi gani?", likawa "wewe ni nani?" Dhahabu ikaongezwa, bei ikapanda, matangazo yakajaa wacheza gofu, wacheza tenisi na wakurugenzi. Day-Date ya 1956, ambayo bangili yake iliitwa President, ikawa kama kitambulisho cha wanaume wa aina fulani. Kifaa cha kazi kikageuka cheti, na cheti hiki hakipimwi Kew. Unakipima kwa jicho la mwenzako.

Mfaransa mmoja wa matangazo, Jacques Séguéla, alisema wazi mwaka wa 2009 kwenye televisheni, akimtetea Rais Sarkozy: asiye na Rolex akifika miaka hamsini, maisha yamemshinda. Wafaransa walimkasirikia. Mimi nadhani alistahili shukrani. Alisema kwa sentensi moja kile ambacho mimi nilikuwa nikilipwa nusu shilingi kwa neno nikizungukezunguke.

Sasa wameingia walimu wa mafanikio wa TikTok, na wimbo ni uleule: amka saa kumi, acha marafiki maskini, nunua Rolex kwa sababu ni "uwekezaji". Uwekezaji gani, buda? Bei za mkono wa pili zilipaa mpaka mapema 2022, kisha zikaporomoka kwa muda mrefu. Watakutajia Daytona ya Paul Newman iliyouzwa mnadani New York Oktoba 2017 kwa dola milioni 17.75. Hawatakuambia kwamba Daytona za wakati huo zilikuwa zinakaa madukani bila mnunuzi, na kwamba bei ile ililipwa kwa sababu mwenye mkono alikuwa Paul Newman. Wewe mkono wako ni wa nani?

Na ukienda dukani na pesa zako zote taslimu, bado utaambiwa usubiri. Rolex ilisema 2021 kwamba uhaba si mkakati wake. Inatengeneza inavyoweza bila kushusha ubora. Sawa, nawaamini. Lakini wachambuzi wanakadiria inatengeneza zaidi ya saa milioni moja kwa mwaka. Kitu kinachotoka milioni moja kwa mwaka na bado kinaitwa adimu, hiyo ni kazi ya kichwa, si ya kiwanda.

Nitajibu mawili kabla hayajaulizwa. La kwanza: Rolex inamilikiwa na wakfu ambao Wilsdorf aliuanzisha 1945, si matajiri wa soko la hisa, na wakfu huo unatoa misaada. Kweli. Wakati wa vita Wilsdorf aliwatumia wafungwa Waingereza saa akawaambia wasifikirie malipo mpaka vita viishe. Wole Soyinka mwenyewe amekuwa mlezi katika mpango wao wa sanaa. Na saa yenyewe imetengenezwa vizuri, fundi anaweza kuifungua miaka hamsini baadaye na ikatembea. Sina noma na chuma. Noma yangu ni na uongo kwamba chuma kile kinapima utu.

La pili: "Una wivu." Huu ndio ukuta wanaojificha nyuma yake wote. Ukiuliza bei, una wivu. Ukiuliza pesa zilitoka wapi, una wivu na pia hujalelewa vizuri. Kumbuka 2024. Wakati Mswada wa Fedha unataka kutukamua mpaka kwenye mkate, vijana walianza kusimamisha video za waheshimiwa, wanakuza picha ya mkono, wanatafuta bei. Saa moja, karo ya wangapi? Mkono mmoja, dawa za zahanati ngapi? Walituita watoto wenye wivu na simu. Lakini ilikuwa mara ya kwanza nione saa za kifahari zikisomwa sawasawa: kama risiti.

Hatukuwa peke yetu. Mwezi Machi mwaka huohuo, polisi wa Peru walivunja mlango wa nyumba ya Rais Dina Boluarte wakitafuta Rolex. Kwanza alikuwa amesema ni matunda ya jasho lake tangu akiwa na miaka 18. Baadaye akasema aliazimwa na gavana rafiki yake. Fikiria hilo. Rais wa nchi, na jibu lake ni lile la kijana aliyeonekana na viatu vya jirani.

Wala usidhani mapinduzi yanatibu huu ugonjwa. Fidel Castro alipigwa picha na saa mbili za Rolex kwenye mkono mmoja, na Che Guevara alikuwa na GMT-Master yake. Kule Oman, nchi ambayo pwani yetu inaijua kwa undugu na kwa maumivu, Sultan Qaboos aliagiza Rolex zenye alama ya jambia usoni awape aliowapenda, wakiwemo askari Waingereza waliompigania. Mfalme, mwanamapinduzi, mheshimiwa wa kaunti: wote wanazungumza lugha moja mkononi. Inasema, wakati wangu si sawa na wako.

Na hapo ndipo naumia. Wewe unasubiri saa sita kliniki. Unasubiri mkopo wa chuo. Mimi nimesubiri siku arobaini kulipwa shilingi 500. Wakati wetu ndio wa bure katika nchi hii, unachezewa na kila ofisi, halafu tunaambiwa heshima ya wakati iko kwenye mkono wa yule anayetuchelewesha. Mkutano ulipaswa kuanza saa nne. Anafika saa nane na Rolex. Sasa alikuwa anaiangalia ya nini?

Simwambii mtu avunje saa yake. Kama umefanya kazi, unapenda vyuma vinavyozunguka na una pesa, nunua, vaa, mwachie mtoto wako. Na wewe mwenye feki ya mia tano kutoka kwa jamaa wa pale Archives, endelea tu, umenunua kitu kilekile kwa bei nafuu.

Lakini yule anayelipwa kwa kodi yangu, huyo tuko na maneno. Katiba yetu, Kifungu cha 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali kwenye shughuli ya umma ni ya Jamhuri na inapaswa kukabidhiwa serikali, isipokuwa sheria iiruhusu. Tangu 2003 sheria imekuwa ikiwataka maafisa wa umma watangaze mali zao, na fomu hizo hazijawahi kuwa kitu ambacho mimi na wewe tunaweza kufungua tu tukasoma. Basi tuanze na kilicho wazi. Siku ya harambee, anapoinua mkono kupungia watu na shati linateleza kidogo, piga picha, tafuta bei, gawanya kwa mshahara wake wa mwezi. Kisha muulize mbele ya watu, kwa heshima zote: mheshimiwa, hiyo ulinunua, ulipewa, ama umeazimwa?